Ghala Limepokea

Tunduma, 2 Juni 2025

TANGAZO KWA WAFANYAKAZI WOTE WA NESTA NAFAKA

Kwa masikitiko makubwa, na baada ya kushauriana na nafsi yangu peke yake, natangaza kwamba Dole halipo nasi tena. Nazungumzia lile dole gumba la njano mnalonitumia kwenye simu kila ninapowaandikia jambo la kazi. Limetutumikia tangu tulipoanzisha kundi la ofisi. Limefariki Ijumaa iliyopita, nilipouliza kwenye kundi, "Nani amefunga stoo ya maharage?" nikajibiwa kwa madole manne, nikalala kwa amani, na asubuhi nikakuta mbuzi wa jirani wanatoka humo wameshiba kama wajumbe wa semina.

Mazishi yameshafanyika. Hakuna michango.

Kuanzia leo, anayepokea ujumbe wa kazi atajibu kwa maneno: amepokea nini, atafanya nini, lini, na yeye ni nani. Atarudia alichoagizwa ili aliyeagiza aone kama wameelewana. Ambaye hajajibu hivyo nitachukulia hajaambiwa, na aliyemwagiza nitachukulia hajaagiza. Wote wawili nitawatafuta.

Ghala letu la Kamsamba liko bondeni, na mtandao wake hupatikana kwa kupanda juu ya tela la trekta. Kwa hiyo maagizo na majibu ya huko yatakwenda kwa barua, mkononi mwa Dennis, dereva wa Fuso. Atakayeandika maagizo ni Atuganile wa ofisini. Atuganile yupo kwenye majaribio. Majaribio yake yataisha siku mchele wa Ba Brenda, yule mama mpishi wa harusi wa Nakonde, ng'ambo Zambia, utakapovuka mpaka, mzuri, kamili, kwa siku yake. Usipovuka, yataisha vilevile.

Nesta Silwimba
Mkurugenzi

*

Tunduma, 3 Juni 2025

Mume wangu Lusungu,

Simu yako bado umeifukia kwenye mchele? Tangu ilipodumbukia kwenye maji ya kuoshea mawe ya dhahabu, nadhani mchele ule sasa una mtandao kuliko simu. Basi nakuandikia, kondakta wa basi atakufikishia huko machimboni Saza.

Nina neno. Mama Nesta ameniambia nitakuwa namwandikia maagizo mtunza ghala mpya wa Kamsamba. Unamjua mtunza ghala mpya wa Kamsamba. Ndiye aliyekufundisha kuendesha baiskeli.

Ndiyo, yeye. Dennis alimpata, akamwambia mama Nesta kuna mzee wa Ileje ameshuka kutafuta joto la magoti, mwaminifu, mwandiko wake unasomeka. Mama Nesta akamchukua bila kujua ni nani kwangu, maana mimi natumia jina la baba yangu, na la kwenu siwezi hata kulitamka.

Nyumba nyingi za Ileje zimeshaacha mambo haya. Kwenu hamjaacha. Tangu unioe sijamtazama baba yako usoni, hatujawahi kusemezana, na nikisikia kikohozi chake njiani naingia kwenye migomba ya watu. Mwaka juzi niliingia kwenye migomba yenye nyuki. Sasa niambie: mtu ambaye siwezi kumwambia "shikamoo", nitamwambiaje "pakia magunia themanini"? Na yeye anijibu mimi, kwa jina lake, kwamba atapakia?

Nikimwambia mama Nesta, atasema kazi imenishinda kabla haijaanza. Na kazi hii naitaka, Lusungu. Naiweza. Nina kiti kinachozunguka. Nikiikosa narudi kupalilia kahawa ya shangazi yako, na shangazi yako unamjua.

Nishauri.

Mkeo,
Atuganile

*

Saza, 5 Juni 2025

Mke wangu,

Nimepokea. Pole kwa nyuki.

Usimwandikie baba. Liandikie ghala. Ghala halina mkamwana.

Simu imewaka, ila haisikii.

Lusungu

*

Tunduma, 6 Juni 2025

Kwa Ghala la Kamsamba,

Ofisi ya Tunduma inalisalimu Ghala kwa heshima zote, ikiwa imepiga magoti.

Ofisi haiagizi. Ofisi haina ubavu wa kuagiza. Inasema tu, kama mtu anayejisemea peke yake, kwamba ingependeza magunia themanini ya mchele mpya wenye harufu, uliokobolewa na kuchekechwa, yawe tayari Alhamisi tarehe 19, ili Dennis ayapakie Ijumaa asubuhi. Ingependeza mchele wa mwaka jana usichanganywe humo hata kidogo, maana ni wa Ba Brenda, naye hunusa kabla ya kusalimia.

Ingependeza pia Ghala lirudie maneno haya. Si kwamba Ofisi ina shaka. Ni sheria ya mama Nesta baada ya mambo ya mbuzi.

Ofisi ya Tunduma

*

Kamsamba, 9 Juni 2025

Kwa Ofisi ya Tunduma,

Ghala limepokea. Limeisoma barua likiwa limetazama pembeni, kwa adabu, jambo lililofanya mistari miwili isomwe mara mbili.

Ghala limeisikia Ofisi ikijisemea peke yake, nalo linajisemea: magunia themanini, mchele mpya wenye harufu, uliokobolewa na kuchekechwa, tayari Alhamisi tarehe 19, Dennis apakie Ijumaa asubuhi, wa mwaka jana usichanganywe. Atakayefanya ni Ghala lenyewe pamoja na vibarua wake.

Swali moja. Kuchekecha ni kuondoa chenga zote, au chenga kidogo zibaki? Ghala halitaki kudhani.

Dennis amesema Ofisi mchana inakula chipsi. Ghala halina la kusema juu ya hilo. Linatuma mfuko wa maharage ya Ileje, ambayo yalionekana hapa barabarani bila mwenyewe.

Ghala la Kamsamba

*

Tunduma, 11 Juni 2025

Kwa Ghala la Kamsamba,

Ofisi imepokea. Chenga zote ziondoke, isibaki hata moja.

Maharage yasiyo na mwenyewe yalikuwa yamechaguliwa punje kwa punje na kufungwa kwa kamba ya mgomba, fundo la kule kwetu. Ofisi imeyapika. Imeacha chipsi, isipokuwa Ijumaa.

Ofisi inamsikia Dennis akisema huko usiku kuna mbu wakubwa. Chandarua hiki kilionekana juu ya meza hapa, nacho hakina mwenyewe.

Ofisi ya Tunduma

*

Tunduma, 12 Juni 2025

Mzee Alinanuswe,

Shikamoo.

Nimepitia faili la barua zako na Atuganile. Sijawahi kuona mtu anathibitisha kazi vizuri hivi. Na sijawahi kuona jengo linathibitisha chochote.

Nilisema mjibuji ataje yeye ni nani. Wewe si ghala, mzee wangu. Ghala nalijua, nimelipaka rangi mwenyewe. Jambo likiharibika nitamwita nani? Nikagombane na bati? Nataka "mimi", na jina.

Halafu nyinyi wawili mnaandikiana kama ubalozi na ubalozi. Mfanyakazi mmoja hamtaji mwenzake hata mara moja. Sijui mmegombana lini, maana hamjawahi kuonana. Kwa hiyo Alhamisi tarehe 19 namtuma Atuganile aje huko na lori. Ijumaa asubuhi, kabla ya kupakia, muonane uso kwa uso, akuagize kwa kinywa, umjibu kwa kinywa. Ba Brenda anapikia harusi kubwa Jumamosi. Nikimpelekea mchele mbaya atahamia kwa jirani yangu, na jirani yangu atanipungia mkono kila asubuhi.

Nesta

*

Kamsamba, 14 Juni 2025

Mama Nesta,

Marahaba, mwanangu.

Mimi, Alinanuswe Kibona, nimepokea. Umeona: "mimi", na jina. Kwako naweza.

Kuhusu uso kwa uso, naomba uangalie upya. Uso wangu ni wa kawaida tu, hauna kitu cha kumtoa mtu Tunduma. Barua zinatosha.

Kama ni lazima aje, naomba nijulishwe: lori litasimama upande gani wa ghala, yeye atashukia mlango upi, na akishuka atatazama wapi. Naomba jibu lililo wazi, maana wewe mwenyewe umetukataza kudhani.

Alinanuswe Kibona

*

Tunduma, 16 Juni 2025

Atuganile,

Nakuachia hii mezani kwa sababu nakimbilia Nakonde.

Yule mzee wa ghala anaogopa kuonwa. Ameniuliza utatazama wapi! Mimi nimefanya biashara mpakani tangu nikiwa na meno yote. Mtu anayeogopa kuonwa ana kitu ghalani. Nenda, ingia ndani, kagua gunia kwa gunia. Ukirudi bila kuingia ndani ya ghala lile, kile kiti usikikalie.

Nesta

*

Tunduma, 16 Juni 2025

Mama,

Nimepokea. Nitakwenda Kamsamba Alhamisi na Dennis. Ijumaa asubuhi nitaingia ghalani, nitakagua gunia kwa gunia, na nitasimamia upakiaji. Atakayefanya ni mimi, Atuganile Mtafya.

Kuna jambo moja nilitaka kukueleza kuhusu mzee huyo, lakini wateja wamejaa.

Atuganile

*

Kamsamba, 20 Juni 2025

Mama Nesta,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya gunia tupu, harufu yangu ni ya zizi, ili usikie kwangu kabla hujasikia kwa Dennis, ambaye kwa sasa anacheka mpaka hawezi kutafuta gia.

Mimi nilikuwa nimejipanga. Lori lingefika mbele ya ghala. Mimi ningetokea mlango wa nyuma, ufunguo ningeuacha kwenye kitasa, nikakae kwenye mashine ya kukoboa mpaka mambo yaishe. Ila Dennis alitaka kivuli, akaleta lori nyuma. Nikafungua mlango, nikaona kitenge kinashuka.

Mama, mimi ni mtu mzima. Lakini miguu ina mambo yake. Nilipokuja kushtuka nilikuwa katikati ya ng'ombe wa Yonasi waliokuwa wanapelekwa mtoni, nimeinama usawa wao, natembea nao. Yonasi ni mfugaji mwenye adabu, hakuniuliza kitu. Aliniswaga tu kama wengine. Tumefika mbali kidogo ndipo nilipopapasa mfukoni, nikaukuta ufunguo wa ghala.

Sasa nikueleze, maana naona binti hajakueleza. Atuganile ni mke wa mwanangu Lusungu. Kwetu baba mkwe na mkamwana hawatazamani wala hawasemezani, mpaka siku baba mkwe atakapoufungua mwiko huo kwa kumpa mkamwana ng'ombe. Mimi sijafungua. Kwa hiyo ghalani hakuna wizi. Kuna ukwe tu.

Kosa la leo si lake. Aliyekimbia na ufunguo katikati ya ng'ombe ni mimi. Ukitafuta wa kumwachisha kazi, jina langu unalo, nililiandika vizuri kama ulivyoagiza.

Alinanuswe Kibona

*

Tunduma, 20 Juni 2025

Mama Nesta,

Mzigo upo kwenye foleni ya mpakani na Dennis. Wewe upo ng'ambo kwa Ba Brenda, kwa hiyo nakuachia taarifa hii mezani. Kiti sijakikalia. Naandika nimesimama.

Barua ya mtunza ghala ipo chini ya hii. Yote aliyosema ni kweli, nami nilikuficha. Niliogopa utaniona sifai kwa kazi ya kumwagiza mtu ambaye siwezi kumsemesha.

Ilivyokuwa ni hivi. Ng'ombe walirudishwa, na baba akarudi nao. Akabaki katikati yao, amenipa mgongo. Mimi nikasimama mlangoni mwa ghala, uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Dennis tukamweka katikati.

Nikasema, "Dennis, uliza kama ufunguo upo."

"Mzee, anauliza ufunguo upo?"

"Mwambie upo. Naurusha."

"Anasema upo, anaurusha."

"Mwambie asirushe, utaanguka kwenye kinyesi. Akupe wewe mkononi."

"Anasema usirushe."

"Mwambie nimeshasikia."

"Anasema ameshasikia."

"Mwambie nimesikia kwamba ameshasikia."

Hapo Dennis akakaa chini. "Jamani, si mnasikiana hivi hivi! Mimi hapa nafanya nini?"

Tukamjibu wote wawili kwa mpigo, mimi ukutani, baba ng'ombeni: "Dennis, sema!"

Akainuka, akasema. Mlango ukafunguliwa, nikaingia, nikakagua gunia kwa gunia. Ule mchele mpya, mama, ukiingiza mkono unatamani kuuacha humo. Nikatoka, nikarudi ukutani, nikasema: "Dennis, waambie vibarua wapakie magunia themanini ya mchele mpya, safu ya kushoto, ya mlangoni wasiiguse." Dennis alikuwa amechoka. Akawapigia kelele, "Haya, pakieni!" Wakaanza.

Baba akauliza kutoka kwa ng'ombe, "Pakieni nini?"

"Anasema wapakie, mzee."

"Sijakuuliza kama amesema. Nimekuuliza amesema nini. Rudia kama alivyosema."

Dennis akarudia, neno kwa neno, kwa sauti ya mtu anayeonewa. Baba akasema, "Basi waambie washushe. Nasikia magunia yanaburuzwa kutoka mlangoni, na ya mlangoni ni ya mwaka jana."

Ni kweli, mama. Yalikuwa yameshapanda ya kutosha kuharibu harusi. Mimi nilikuwa natazama ukuta, baba anatazama ng'ombe, na hakuna kati yetu aliyeona. Yalishushwa yote, ukapakiwa mpya, na kila gunia nililithibitisha. Baba aliniuliza kupitia Dennis kama chenga zimeisha. Nikamjibu kupitia Dennis kwamba hakuna hata moja. Dennis anaomba likizo.

Nasubiri uamuzi wako.

Atuganile Mtafya

*

Tunduma, 23 Juni 2025

Atuganile, na nakala kwa Mzee Alinanuswe,

Atuganile, kaa.

Mchele umevuka Ijumaa ileile. Ba Brenda alipasua gunia moja hapohapo, akanusa, akasema "natotela, natotela", asante ya Kibemba, mpaka afisa mmoja akaja kuuliza kuna nini. Harusini watu walikula wakasahau kumtunza bibi harusi. Ameagiza tena kwa mwezi ujao, na amesema uandikiwe wewe. Majaribio yako yamekwisha, kwa ule upande mzuri. Mkataba nimeuweka kwenye droo. Utie sahihi kabla sijabadilika.

Ulinificha, na sikupenda. Siku nyingine wateja wakijaa, waache wajae, niambie.

Sasa mzee wangu. Nimehangaika na wafanyakazi miaka mingi ili mtu akiagizwa arudie alichoagizwa. Nimewafokea, nimewabembeleza, nimewanunulia soda. Kumbe Ileje mnalo jambo hili tangu zamani, mnalificha milimani pamoja na kahawa. Nimeona huu ndio utaratibu. Nilitangaza Jumamosi kwamba wafanyakazi wote wawe wanasemezana kupitia Dennis. Dennis amekataa kwa maandishi, na kwa mara ya kwanza maandishi yake yameeleweka.

Nimesikia umemuulizia Yonasi bei ya mtamba. Nakuomba, kama mwajiri wako: usifungue. Mkianza kusemezana mtaanza kuelewana. Mkielewana mtaambiana "si unajua". Na nikisikia "si unajua" ghalani kwangu, nitajua mbuzi wameshaingia.

Nesta

*

Kamsamba, 27 Juni 2025

Mama Nesta,

Nimepokea. Narudia, ili uone tumeelewana: umeniagiza nisifungue.

Nitakachofanya: nitafungua. Lini: Jumamosi tarehe 5 Julai, mchana. Wapi: mbele ya ofisi yako. Nani: mimi, Alinanuswe Kibona, na mtamba mwekundu, mmoja wa wale waliokuwa wamenificha.

Nakueleza sababu, ili usidhani ni ubishi. Siku ile nilisimama na ng'ombe nikamsikiliza yule binti akifanya kazi yake. Hakupayuka, hakusahau, hakurukia jambo la pili kabla la kwanza halijakaa. Mwanangu Lusungu hana hata nusu ya hiyo. Nikataka kumsifu. Nikamwambia Dennis, "Mwambie nimefurahi kwamba nyumba yangu imepata mtu wa namna hii." Dennis akageuka akasema, "Mzee anasema poa."

Mimi sikusema poa.

Tena nimewaza: alihatarisha kiti chake kwa kusimama uso ukutani ili mimi nisione aibu, nami nilikuwa nimejificha nyuma ya mkia. Siku nyingine yatapanda magunia mabaya, na yeye ataona, na hatakuwa na njia ya kuniambia "baba, hapo umekosea". Nataka aweze kuniambia. Nataka na kunifokea anifokee, kidogo, kwa adabu.

Barua za Ghala zitaendelea kama kawaida. Ghala limezizoea.

Alinanuswe Kibona

*

Tunduma, 30 Juni 2025

Mzee Alinanuswe,

Nimepokea. Umefungua faili la kunibishia kwa kufuata utaratibu wangu mwenyewe, na sina pa kukukamata.

Jumamosi, mchana, mbele ya ofisi. Ng'ombe asiingie ndani. Pilau ni juu yangu.

Nesta

*

Tunduma, 6 Julai 2025

Mume wangu Lusungu,

Pole kwa kukosa ruhusa. Nakueleza yote, maana utahadithiwa na shangazi yako, na yeye ataongeza ng'ombe.

Walikuja wengi kuliko tulivyodhani. Shangazi yako alishuka na akina mama wa Ileje kwa gari la mkaa, wakafika wanaimba, mikono myeusi kwa mkaa, furaha tele. Ba Brenda alivuka na sufuria ambayo mimi na wewe tungeweza kupanga humo. Mama Nesta alivaa kitenge kipya na kofia ya kanisani, akasimama kwenye ngazi kama mgeni rasmi, akawafukuza wateja wawili waliotaka kununua maharage. Foleni ya malori ilikuwa imekwama kama kawaida, basi madereva wakashuka nao, wakapanda juu ya kichwa cha lori waone vizuri. Wakongo kwa Wazambia, wanauliza nani anaoa. Wakaambiwa hakuna anayeoa, ni mzee anataka kumsalimia mke wa mwanawe. Mmoja akasema, "Sasa si amsalimie?" Akanyamazishwa.

Mtamba alifungwa kwenye nguzo ya kibao cha ofisi. Ni mzuri, Lusungu. Ana doa jeupe kwenye paji la uso. Ameshakula ufagio.

Nililetwa nimefunikwa kanga, shangazi yako amenishika mkono huku, mama Nesta huku. Niliogopa kuliko siku ya harusi yetu. Siku ile nilikuwa naolewa na wewe tu. Wakanigeuza, wakanifunua, wakaniambia, "Tazama." Nikatazama.

Ana masikio yako. Au wewe una yake. Na ni mfupi! Miaka yote ile nilikuwa nakimbia kikohozi cha mtu mrefu.

Alikuwa amevaa koti, jasho linamtiririka, machozi yamemjaa. Akashika kamba ya mtamba, akaniwekea mkononi, akaikunja mikono yangu juu yake. Akina mama wakaacha kuimba. Madereva wakazima muziki. Mama Nesta alikuwa ameshainua simu anarekodi, maana alisema neno la kwanza ni lazima liwekwe kwenye kumbukumbu za ofisi. Hata Dennis alisogea, akasimama katikati yetu kwa mazoea, baba akamshika bega taratibu akamweka pembeni.

Akakohoa. Sikukimbia.

"Mwanangu," akasema.

Shangazi yako akaanza kulia kwa sauti.

"Abee, baba."

Akabadilisha mguu wa kusimamia. Alikuwa amekaa juu ya lori na mtamba tangu alfajiri, Kamsamba mpaka hapa, na watu walimpokea wakamwingiza moja kwa moja kwenye shughuli.

"Mwanangu," akasema tena, sasa kwa sauti ya chini, "choo kiko wapi?"

"Nyuma ya stoo, baba," nikamwambia. "Mlango wa kijani."

Akanishukuru, akaenda haraka.

Choo cha ofisi hakina maji tangu Jumatatu. Nilidhani anajua.

Mkeo,
Atuganile